Kitu kikiingia makumbusho kinaokolewa au kinazikwa?

Mkutubi Mstaafu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Chama chetu cha watumishi wastaafu kimekabidhiwa chumba kimoja kikubwa ili tukigeuze kuwa makumbusho madogo ya jamii. Watu wameitikia kwa moyo kuliko tulivyotazamia: wapo walioleta zana za kazi za wazazi wao, vyombo vya nyumbani ambavyo havitengenezwi tena, ala za muziki, barua na picha za zamani. Mimi nimepewa jukumu la kuandika waraka mfupi utakaosomwa katika mkutano wetu, wa kueleza makumbusho yalianzaje duniani na yana umuhimu gani katika utamaduni wa watu.

Nilidhani kazi hiyo ingekuwa nyepesi, lakini maneno ya watu wawili yamenikwamisha. Wa kwanza ni mzee mwenzetu aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote. Alisema kwamba ngoma isiyopigwa si ngoma tena, na kwamba tukiifungia ndani ya kabati la kioo tutakuwa tumeizika huku tukijisifu kuwa tumeiokoa. Wa pili ni kijana anayetusaidia kazi za kompyuta. Yeye anashauri tupige picha kila kitu, tuziweke picha hizo kwenye intaneti, kisha tuwarudishie wenyewe vitu vyao, kwa kuwa siku hizi anayetaka kuona hana haja ya kusafiri.

Sikuweza kumjibu hata mmoja wao. Maandishi machache niliyoyapata yanayasifu makumbusho kuwa hazina ya taifa na kioo cha jamii, lakini sifa hizo hazimjibu mzee wala kijana. Naomba anayeifahamu historia hii anieleze: makumbusho yalianzishwa yafanye nini hasa, na ni kazi gani inayofanyika humo ambayo haiwezi kufanyika nyumbani kwa mtu, sokoni, au katika kioo cha simu?

Msoma Nyaraka amejibu:

Mzee wangu Mkutubi, shikamoo.

Neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya kwa jambo hili limetoka katika Kigiriki, mouseion, yaani makao ya miungu wa kike walioaminika kusimamia sanaa na elimu. Mouseion iliyovuma zaidi ilikuwa ya Aleksandria, Misri, iliyoanzishwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemaio mwanzoni mwa karne ya 3 kabla ya Kristo. Hata hivyo, haikuwa nyumba ya kutazama vitu. Ilikuwa jumuiya ya wanazuoni waliokula pamoja kwa gharama ya mfalme, wakijadiliana na kuandika. Neno letu la Kiswahili linanipendeza zaidi kwa sababu halitaji miungu wala vitu, linataja kazi inayofanyika, nayo ni kukumbusha. Anayekumbusha lazima awe na wa kumkumbusha, na lazima awe na habari ya kumpa. Nakuomba ulishike hilo, maana nitalirudia.

Ukitaka mfano wa kale zaidi wa kitu kinachofanana na makumbusho tunayoyajua, itakubidi uende Uru, mji wa kale ulio kusini mwa Iraki ya leo. Mwaka 1925 mwanaakiolojia Leonard Woolley alikuwa akichimbua jengo la Ennigaldi-Nanna, kuhani mkuu wa kike na binti wa Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliyetawala katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Katika chumba kimoja alikuta vitu vilivyokaa pamoja juu ya sakafu moja, ilhali umri wao ulipishana kwa zaidi ya miaka 1,000. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa katika uchimbuaji vitu vya enzi tofauti huwa katika matabaka tofauti. Maelezo yalipatikana kwenye kipande cha udongo chenye umbo la pipa dogo. Juu yake yalikuwa yamenakiliwa maandishi ya matofali ya mfalme aliyekuwa wa kale hata kwa watu wa Babeli wenyewe, pamoja na maelezo ya jinsi matofali hayo yalivyopatikana. Woolley alikiona kipande hicho kuwa kibandiko cha makumbusho, na chumba kile kuwa mahali ambapo vitu vya kale viliwekwa ili watu wavitazame na kujifunza.

Wapo wasomi wanaoutilia shaka ufafanuzi wake, lakini kipande chenyewe kipo, na ndicho kinachonivutia. Wafalme wa kila zama walikusanya vitu vya thamani, wakavijaza katika ghala zao, wakaringiana navyo. Aliyenakili maandishi yale alifanya jambo jingine kabisa: alimfikiria mtu asiyekijua kile kitu, ambaye angekuja baadaye, akamwandikia.

Mfano wa pili ninaoupenda uko Nara, Japani. Mwaka 756, baada ya Mfalme Shomu kufariki, mjane wake Komyo alitoa mali za mumewe kwa hekalu la Todaiji, naye akaambatanisha hati inayoorodhesha zaidi ya vitu 600, ikieleza sura na vipimo vyake. Vitu vingi vilitolewa baadaye kwa matumizi mbalimbali na havikurudi, lakini ghala lake, Shosoin, limesimama hadi leo, na orodha ile ipo. Kwa sababu hiyo watu wa leo hawajui tu kilichobaki, bali wanajua pia kilichokosekana. Tafakari uzito wa jambo hilo: karatasi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,260 bado inaweza kumhoji mtunza ghala.

Makumbusho ya umma kama tunavyoyaelewa sasa ni ya karibuni zaidi. Katika karne za 16 na 17, matajiri, madaktari na wanazuoni wa Ulaya walijaza vyumba vyao mawe, makombe ya baharini, wanyama waliokaushwa, sanamu na zana za watu wa mbali. Aliyeruhusiwa kuingia ni rafiki wa mwenye nyumba au mgeni mwenye barua ya kumtambulisha. Mkusanyo wa namna hiyo, ulioanzishwa na wakulima wa bustani wawili, baba na mwana wa ukoo wa Tradescant, ulikuja mikononi mwa Elias Ashmole, naye akaukabidhi kwa Chuo Kikuu cha Oxford, ambako ulifunguliwa mwaka 1683 katika jengo lililojengwa kwa ajili hiyo. Roma ilikuwa na sanamu za shaba ambazo Papa Sixtus wa Nne aliwapa watu wa mji mwaka 1471, ingawa makumbusho ya Capitolino yalifunguliwa kwa umma mwaka 1734. Jijini London, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1753 ya kuupokea mkusanyo wa daktari Hans Sloane, na British Museum ikafunguliwa tarehe 15 Januari 1759. Kuingia hakukuwa na malipo, lakini ilimpasa mtu aombe tiketi kwanza na asubiri.

Kisha yakaja mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 10 Agosti 1793, mwaka mmoja kamili tangu ufalme uangushwe, kasri la Louvre lilifunguliwa ili wananchi waingie kutazama picha ambazo hadi siku za karibuni zilikuwa za mfalme na za kanisa. Tangu hapo likazaliwa wazo ambalo sasa tunaliona la kawaida, kwamba kuna vitu ambavyo haviwezi kuwa mali ya mtu mmoja kwa sababu ni vya wote, wakiwemo ambao bado hawajazaliwa.

Basi, makumbusho yalianzishwa yafanye nini? Kwa maoni yangu, kukusanya si jibu, maana hata mwizi hukusanya. Kuonesha nako si jibu, maana hata mwenye duka huonesha. Kazi inayoyafanya makumbusho kuwa makumbusho ni kukishikamanisha kitu na habari zake, ili visitengane hata waliovijua wakifa wote. Siku viwili hivyo vinapotengana, kitu hubaki kipande cha mti au cha chuma, na habari hubaki hadithi isiyo na ushahidi.

Mtunza Ghala amejibu:

Nimefanya kazi katika ghala la makumbusho kwa miaka mingi, nami naunga mkono aliyetangulia. Naomba niongeze yale yanayofanyika nyuma ya mlango ambao wageni hawaupiti.

Watu wengi hudhani kwamba makumbusho ni yale makabati wanayoyaona. Makumbusho makubwa huonesha sehemu ndogo sana ya mikusanyo yake; British Museum, kwa mfano, ina vitu vipatavyo milioni 8, na vinavyooneshwa kwa wakati mmoja ni takribani 80,000, yaani asilimia 1 tu. Nimewahi kusikia wageni wakisema kwamba huo ni uchoyo. Kuna sababu mbili ambazo huwa nawaeleza.

Ya kwanza ni kwamba kuonesha kunachosha kitu. Mwanga hula rangi ya kitambaa na ya karatasi, na rangi ikishaliwa hairudi. Ndiyo maana vitambaa, barua na michoro ya rangi za maji huwekwa penye mwanga hafifu wa luksi 50 hivi, kwa miezi michache, kisha hupumzishwa gizani. Unyevu ukipanda na kushuka mara kwa mara, mbao hupasuka. Wadudu wanaweza kukila kinyago kwa ndani huku uso wake ukibaki mzima. Tunapopokea kitu cha mti au cha ngozi hatukiingizi ghalani moja kwa moja. Tunakitenga, na kama hali yake inaruhusu tunakifunga ndani ya mfuko na kukigandisha katika nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa ili mayai ya wadudu yafe.

Sababu ya pili ndiyo kubwa, nayo ni kwamba hatujui leo ni swali gani litakaloulizwa kesho. Hapa naomba mniruhusu nieleze habari ya mayai.

Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege aina ya kozi walianza kupungua nchini Uingereza, na mayai yao yakawa yanavunjika ndani ya viota. Mtafiti Derek Ratcliffe alikwenda kwenye mikusanyo ya mayai, ile ya makumbusho na ile ya watu binafsi waliokuwa wakikusanya mayai kama wengine wakusanyavyo stempu, akayapima maganda yaliyookotwa katika miongo mingi. Mwaka 1967 alichapisha alichokiona: maganda yalikuwa na uzito uleule kwa muda mrefu, kisha yakawa mepesi ghafla kuanzia karibu mwaka 1947, wakati ambapo dawa ya kuua wadudu ya DDT ilikuwa imeanza kutumika mashambani. Watafiti wa Marekani nao walipima mayai ya nchi yao wakakuta hali hiyohiyo, na mwaka 1972 matumizi ya DDT katika kilimo yalipigwa marufuku huko.

Waliokusanya mayai yale hawakuwa wameisikia DDT. Wala si mayai yenyewe yaliyotoa ushahidi, kwa kuwa yai la mwaka 1905 na yai la mwaka 1950 yakichanganywa ndani ya sanduku moja bila maandishi hayamwambii mtu chochote. Ushahidi ulitolewa na vikaratasi vilivyosema yai hili liliokotwa wapi na tarehe ngapi.

Upande wa pili wa jambo hili nimeuona kwa macho yangu. Katika makumbusho moja niliyopata kufanya kazi, kilikuwepo kigoda kilichochongwa kwa ustadi ambao sijauona tena. Daftari la mwaka kilipopokelewa lililoana maji, kurasa zikashikana, na namba iliyokuwa chini ya kigoda ikafutika kwa kusuguliwa na mtu aliyetaka kukisafisha. Hatukujua kilichongwa na nani, wala kilikaliwa na nani, wala ni jamii gani ingekitambua. Tulikilinda dhidi ya wadudu na unyevu kwa uaminifu mkubwa, lakini kila nilipokipita nilihisi kama napita kwa mtoto aliyeokotwa njiani. Mzee wa ngoma aliposema kwamba kitu kinaweza kuzikwa ndani ya makumbusho, alisema kweli. Hata hivyo, si kioo kinachokizika.

Mjukuu wa Mhunzi amejibu:

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na kuna jambo mmelipita haraka mno. Mnazungumza kana kwamba vitu vyote vilivyomo makumbusho vililetwa na wenyewe kwa hiari, kama wanavyoletewa wazee wa chama cha ndugu Mkutubi. Historia haiko hivyo.

Mwezi Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin, ambao leo uko Nijeria, yakauteketeza na kuchukua maelfu ya kazi za shaba, pembe na mbao. Mabamba ya shaba ya kasri ya Oba, yaani mfalme wa mji huo, hayakuwa mapambo tu. Yalikuwa kumbukumbu za utawala ule, za vita, sherehe na watu wake. Yaliuzwa na kutawanyika katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Mtu anayeng'oa kurasa za kitabu na kuziuza mojamoja hawezi kujisifu kwamba amekihifadhi kitabu. Jeshi la Ufaransa nalo lilibeba hazina za wafalme wa Abomey mwaka 1892, na 26 kati ya hizo zilirudishwa kwa taifa la Benin, nchi jirani ya Nijeria isiyo sawa na mji wa Benin, mwezi Novemba 2021, baada ya Bunge la Ufaransa kutunga sheria maalumu. Mwezi Desemba 2022 Ujerumani ilikabidhi Nijeria kazi zipatazo 20 za shaba na nyinginezo za mji wa Benin. Nafurahi kwamba zimerudi, lakini tusisahau kwamba vizazi vitatu au vinne vya wachongaji na wahunzi vilikua bila kuziona kazi za mabwana waliowatangulia. Babu yangu alikuwa mhunzi, nami najua fundi hujifunza kwa kushika na kugeuza kazi ya fundi mwingine, wala hajifunzi kwa kusimuliwa.

Lipo pia jambo ambalo kazi ya ghala, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kulitatua. Wazuni, jamii ya wenyeji wa New Mexico nchini Marekani, huchonga sanamu za miungu wawili wa vita na kuziweka mahali patakatifu juani na mvuani, ili zioze polepole na kurudi ardhini. Katika imani yao, kuoza huko ni sehemu ya kazi ya sanamu zenyewe. Watu walizichukua kutoka huko zikaishia katika makumbusho, ambako zilikingwa zisioze. Wazuni walianza kuzidai mwishoni mwa miaka ya 1970, wakarudishiwa nyingi kadiri miaka ilivyoenda, nao wakazirudisha juani na mvuani. Mhifadhi aliyezoea kupambana na unyevu anaweza kuumia moyo akisikia hivyo, lakini katika jambo hili walioelewa maana ya kuhifadhi ni Wazuni.

Kwa hiyo, mzee Mkutubi, kabla hujaandika sifa za makumbusho katika waraka wako, andika kwanza swali ambalo kila mleta kitu ataulizwa: umekipataje, na nani mwingine ana haki nacho?

Msoma Nyaraka amejibu:

Ndugu Mjukuu wa Mhunzi, nakubali kwamba niliruka sura hiyo, na haikustahili kurukwa. Hata Hans Sloane niliyemtaja alipata sehemu ya utajiri wake kwa mashamba ya Jamaika ya mume wa kwanza wa mkewe, yaliyolimwa na watumwa.

Naongeza tu kwamba silaha ya anayedai chake ni ileile niliyoitaja. Wakati Ujerumani ilipoikalia Paris, makumbusho ya Jeu de Paume yaligeuzwa kuwa kituo cha kupitishia kazi za sanaa zilizoporwa, nyingi zikiwa za familia za Kiyahudi. Rose Valland, aliyekuwa mfanyakazi wa humo, aliendelea na kazi yake huku akificha kwamba anaelewa Kijerumani. Kwa miaka 4 aliandika kwa siri kilichoingia, kilikuwa cha nani, na kilipelekwa wapi. Angegunduliwa angeuawa. Vita vilipokwisha, maandishi yake yaliwezesha maelfu ya kazi kupatikana na nyingi kurudishwa kwa wenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kazi za mji wa Benin: tangu mwaka 2022 ipo orodha ya pamoja kwenye intaneti ambayo ilipozinduliwa ilionesha zaidi ya vitu 5,000 vilivyomo katika taasisi 131 za nchi 20. Anayedai sasa anaweza kuonesha kwa kidole.

Palipo na uzembe wa kuandika, mlinzi mwenyewe hajui alichoibiwa. Mwaka 2023 British Museum ilitangaza kwamba vitu vipatavyo 2,000 vilikuwa vimeibwa, kupotea au kuharibiwa, vingi vikiwa vito vidogo na vipande ambavyo havikuwa vimeandikishwa kikamilifu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakiwafikiria wafanyabiashara.

Mkutubi Mstaafu ameandika tena:

Nawashukuru sana, hasa Mjukuu wa Mhunzi, ambaye maneno yake yalinifanya niamke usiku na kurudia kusoma orodha ya vitu tulivyopokea. Nimegundua kwamba kwa vitu zaidi ya nusu tumeandika jina la aliyeleta peke yake. Mimi niliyeishi miongo minne katikati ya kadi za maktaba naona aibu kulisema.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, picha alizozitaja kijana wetu hazitoshi, ikiwa pamoja nazo tutaandika habari zote? Na ngoma ya yule mzee tuifanyeje?

Msoma Nyaraka amejibu:

Kuhusu picha, kijana wenu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya thamani. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazili yaliyoko Rio de Janeiro, yaliyoanzishwa mwaka 1818 na yaliyokuwa na vitu vipatavyo milioni 20. Sehemu kubwa iliteketea, zikiwemo kumbukumbu za lugha za wenyeji ambazo baadhi yake hazina msemaji tena. Baada ya moto, wanafunzi waliwaomba watu wote waliowahi kutembelea makumbusho yale watume picha walizopiga, nao wakatuma kwa maelfu. Kama picha kamili za kila kitu zingekuwepo mapema na mahali pengine, hasara ingepungua. Kwa hiyo pigeni picha, tena nyingi.

Lakini picha hujibu tu maswali ambayo mpigaji aliyafikiria. Kichwa cha dodo, ndege aliyekwisha kutoweka duniani, kilichoko Oxford, kinachotokana na mkusanyo uleule wa akina Tradescant, kimechorwa na kupigwa picha mara nyingi. Mwaka 2002 watafiti walitoa vinasaba katika masalia yake wakathibitisha kwamba dodo alikuwa wa ukoo wa njiwa, na mwaka 2018 uchunguzi wa eksirei ulionesha risasi ndogondogo za madini ya risasi ndani ya fuvu, jambo ambalo halikuwa linafahamika kwa zaidi ya miaka 300. Picha haina mfupa wa kutoa vinasaba, wala haina ndani ya kuchungulia.

Mtunza Ghala amejibu:

Mzee Mkutubi, usione aibu. Makumbusho makubwa yenye wafanyakazi mamia yana vitu visivyoandikwa, nanyi mmelitambua tatizo kabla ya kufungua mlango.

Kuhusu ngoma, msimlazimishe mzee kuchagua kati ya kuipiga na kuitunza. Kama ngozi na mbao ni imara, inaweza kutolewa na kupigwa naye kwa siku mtakazokubaliana, na kila inapotolewa muandike hali yake kabla na baada. Kama imechoka, mwombeni yeye au fundi anayemwamini achonge nyingine kwa kuifuata ile, nanyi mrekodi kazi yote tangu kuchagua mti hadi kuwamba ngozi. Hekalu la Ise nchini Japani hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, na kwa njia hiyo ufundi hupita kutoka mkono hadi mkono. Hata fasili rasmi ya neno makumbusho iliyopitishwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho mwezi Agosti 2022 inataja urithi usioshikika pamoja na ule unaoshikika. Mikono ya mzee huyo ni sehemu ya mkusanyo wenu, na kwa kuwa yeye yu hai, anzeni naye. Kaeni naye na kinasa sauti wiki hii, msisubiri makabati yafike.

Baada ya hapo warudieni wote walioleta vitu, mmoja mmoja, mkiwa na daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa. Muulizeni kila mmoja kitu kinaitwaje kwa lugha ya waliokitumia, kilitengenezwa na nani, kilitumikaje, alikipataje, nani mwingine katika ukoo ana haki nacho, kama amekitoa moja kwa moja au amekiazima tu, na kama kuna watu wasiopaswa kukiona au kukigusa. Akisema hajui, andikeni kwamba hajui, maana hilo nalo litamfaa atakayefuatilia. Kisha asaini.

Kila kitu kipewe namba isiyorudiwa: mwaka, kisha nafasi yake katika mapokezi ya mwaka huo. Kwenye mti au chuma, pakeni kwanza tabaka dogo la vanishi angavu inayoweza kuondolewa baadaye, mahali pasipoonekana na pasiposuguliwa, muandike namba juu yake kwa wino wa kudumu, kisha pakeni tabaka la pili. Kwenye kitambaa, shoneni kipande cha utepe wa pamba chenye namba, kwa mishono michache iliyolegea. Kwenye karatasi na nyuma ya picha tumieni penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja na kutokeza upande wa pili. Msitumie gundi wala vibandiko vya dukani.

Daftari likikamilika, linakilini lote. Nakala moja ibaki chumbani, na nyingine ikae katika jengo jingine kabisa, kwa mtu ambaye si mwenye ufunguo wa chumba.